Maji ya Beberu wa Kitangari

Masasi, 4 Agosti 2024

Dada Flora, Mama Mabel, shikamoo.

Natumaini goti limepoa na wa Kitangari wote mnaamka salama. Sisi wazima, ila sauti imenikauka kwa kugombana na kwaya.

Nimemaliza opera yangu. Ni mchezo unaoimbwa mwanzo hadi mwisho, hakuna anayesema neno bila kuliimba. Inaitwa Kesi ya Mbuzi. Mbuzi anatushtaki wafugaji kwa kamba fupi juani, kwa kuku wanaoning'inizwa miguu juu kwenye pikipiki, kwa nguruwe anayechomwa kisu huku watoto wanacheka. Nani alitupa haki ya kumtesa asiyeweza kwenda polisi? Wakiniambia "ndivyo tulivyokuta," nawajibu kwamba hata funza tuliwakuta.

Jumapili ya tarehe 13 Oktoba tutaimba kanisani kwenu. Tupokee. Sikupigi simu kwa sababu kwenye simu tunakatizana maneno.

Mdogo wako, Christopher


Kitangari, 19 Agosti 2024

Baba Cyril, mdogo wangu, marahaba.

Goti linauma lakini linatembea. Mikorosho imechanua. Karibuni. Kwaya ya wageni haijawahi kutoka Kitangari bila kula nyama, na haitaanzia kwangu. Yule beberu mweusi nimemtenga kwa ajili yenu.

Jirani yangu Faidha alipita kwenye mazoezi yenu alipokuja sokoni Masasi. Anasema mshtakiwa ni mjane wa Kitangari mwenye mbuzi wanne na goti bovu. Amelicheka jambo hilo njia nzima. Wajane wa namna hiyo tuko wangapi huku?

Ada yako ya shule ilitoka kwa nguruwe wa mama, na akichinjwa mmoja mguu wa nyuma ulikuwa wako. Sikusimangi. Nina swali moja tu. Katika kesi yako, nani anamchotea mbuzi maji? Nashuka bondeni alfajiri, narudi jua limeshawaka, na ndoo moja. Wao hunywa kabla yangu, maana mimi najua kusubiri na wao hawajui.

Dada yako, Mama Mabel


Masasi, 2 Septemba 2024

Dada, shikamoo. Pole na goti.

Nakuomba usimchinje. Kwaya itatafuna mifupa wakati maneno ya mbuzi bado yako mdomoni? Nitachekwa hadi Newala mjini.

Kuhusu maji, usinichanganyie hoja. Hata mtumwa alinyweshwa.

Christopher


Masasi, 29 Septemba 2024

Dada, shikamoo.

Majuma manne hujaniandikia, na ninajua ni kwa ile sentensi ya mtumwa. Nimekosa. Naomba unisamehe.

Wiki iliyopita bomba letu lilikauka siku tatu. Nilibeba ndoo moja kutoka kwa jirani, hatua mia mbili. Nilimwaga nusu njiani, nikafika nikanywa wa kwanza. Paka wetu alikuwa ananitazama.

Nimeandika upya. Mshtakiwa sasa ni mwalimu wa mjini, kama mimi. Mwanamke anaingia mwishoni na ndoo kichwani, mbuzi anaacha kuimba, anakunywa. Hapo hakuna ngoma wala kinanda. Lakini kamba fupi na kuku wa pikipiki sijawafuta. Hiyo ni dhuluma, nitasema hivyo hata kwako.

Beberu ni wako. Amua mwenyewe.

Mdogo wako, Christopher


Kitangari, 16 Oktoba 2024

Mdogo wangu, marahaba.

Mliondoka hatujazungumza. Mimi nilikuwa jikoni, na wewe ulikuwa unaogopa kuingia jikoni.

Usidhani nilikuwa nimeshaamua. Beberu nilimfunga nje ya kanisa, kamba fupi, kisu kimo kwenye kapu, achinjwe mkishamaliza. Yule mwimbaji wenu Stella alipoingia na ndoo kichwani na ninyi nyote mkanyamaza, beberu akalia huko nje. Watu walicheka. Mimi nilikuwa najua kilio kile. Asubuhi ile nilikuwa sijamnywesha, kwa sababu nani hunywesha wa kuchinjwa?

Nikatoka, nikamfungua. Ndiyo maana mlikula ugali na kunde. Wanakwaya waliponiuliza, "Mama, nyama iko wapi?" nikawaambia wamwulize mwalimu wao.

Aibu ya mwenyeji nimeibeba mimi. Sasa beberu hana siku ya kufa, na anakunywa nusu ndoo kila siku. Goti langu unalijua. Umemshindia kesi, mchotee maji. Jumamosi nakungoja. Njia ya bondeni hujaisahau.

Dada yako, Mama Mabel


Masasi, 21 Oktoba 2024

Dada, shikamoo.

Nimefika salama, ila shingo haigeuki tangu ile ndoo ya Jumamosi. Leo darasani nimewafundisha wote nikiwa nimetazama dirishani. Ile kamba ndefu niliyomfungia usiifupishe, hata akila majani ya muhogo wako.

Jumamosi naja tena, kwa basi la kwanza. Safari hii nitashuka bondeni mara mbili. Ndoo ya kwanza mpe yeye, usimsubirishe. Ya pili ni yako, nami nitakaa pale mpaka uinywe.

Mdogo wako, Christopher