Maua ya Njano ya Ganshoren

Ganshoren, Brussels, tarehe 9 mwezi wa tisa

Papa wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa magoti yote mawili, ingawa la kushoto linanisumbua tangu nilipoanza kazi ya kuwainua wazee wa Kibeleji vitandani mwao. Umeamkaje? Chakula kinapita? Macho yako yana rangi gani? Tafadhali Euphrasie anayekutunza hapo nyumbani ayatazame kwenye mwanga wa mchana, na akiona umanjano wowote anipigie siku ile ile. Usicheke kwanza, nitafika huko. Na kabla hujasoma mstari mwingine, kile kikombe cha majani kiweke chini. Usinywe tena hata tone.

Euphrasie ameniambia kwamba nilipopiga simu mara tatu kukukataza, ulisema sauti ya simu muntu yeyote anaweza kuiiga, tena ule ukungu niliokuambia umeingia kwenye majani ni jambo dogo. Ukayaanika juani, ukaendelea. Ulisema dawa iliyopandwa na mkono wa mutoto wako haiwezi kukudhuru. Papa, neno hilo limenitoa jasho katika nchi hii ya baridi. Ndiyo maana naandika. Wewe, uliyekuwa katekista kwa miaka arobaini, unaamini karatasi yenye sahihi. Onésime, anayesafiri kuja huko, atakukabidhi mkononi.

Bon. Unanijua, sipendi kujisifu, lakini Brussels nzima hakuna mutoto wa Bukavu mwenye bustani kama yangu. Commune, serikali ya mtaa wetu, ilinipa kipande cha ardhi, hatua kumi na mbili kwa nane. Mboga zangu za lengalenga Wabeleji wanakuja kuzipiga picha. Kule Matonge, mtaa wetu Waafrika, ndani ya maduka ya Galerie d'Ixelles, kwa Mignonne anayesuka nywele, wananiita Docteur, kwa sababu niliwatangazia kwamba nimeotesha mimea ya uzio wetu, ile ya maua ya njano na majani machungu, aliyotuchemshia Mama wakati wa homa, na ambayo wewe unakunywa kwa ajili ya sukari. Siku moja niliyachemsha palepale, nikamaliza kikombe kizima mbele ya watu. Walipiga makofi. Mignonne peke yake alikunja uso, akasema harufu ile si ya nyumbani. Nikamjibu kwamba pua yake imeshaharibiwa na dawa za nywele.

Alors, mwezi jana kipande cha jirani alipewa bibi mmoja, Michelle, aliyetibu farasi maisha yake yote. Alipoona mistari yangu mitatu imechanua, alishika kichwa. Aliniuliza kwa nini naimwagilia maji mimea ambayo wenzangu wote wanaing'oa. Alisema hapa inaitwa séneçon, na kwamba farasi akiila ndani ya nyasi kavu, ini lake linaharibika polepole, bila kelele, mpaka siku anapoanguka. Nilicheka, nikamwambia mimi si farasi. Yeye hakucheka. Aliniuliza ni nani mwingine ameikula. Nikajibu kwamba ni mimi tu.

Papa, hapa kalamu inakuwa nzito. Ukungu haukuwepo, nilikudanganya. Na uongo wangu ulianza zamani zaidi. Mbegu ulizonifungia kwenye kitambaa cha Mama, ulizochuma kwenye uzio alioupanda yeye mwenyewe, zilikufa zote. Mwaka jana nilizipanda mwezi wa tatu, kwa kuwa jua lilikuwa limewaka siku mbili na sikutaka kumuuliza muntu. Zilichipuka vizuri, nikakutumia picha, unakumbuka. Halafu barafu ya asubuhi moja ikazilaza chini kama mboga iliyopikwa. Michelle anasema hapa mimea ya nchi za joto haitolewi nje kabla sikukuu za wale wanaoitwa watakatifu wa barafu hazijapita, katikati ya mwezi wa tano. Mimi, mwana wa katekista, sikujua hata kwamba kuna watakatifu wa namna hiyo.

Kila ulipouliza habari za mimea ya Mama, nilishindwa kusema kwamba imekufa. Kisha nikaona kando ya reli maua ya njano, majani yake yamechanika-chanika, machungu. Maua yale ni madogo kama vifungo vya shati, Papa, na ya kwetu ni makubwa kama kisahani. Niliona vizuri sana. Nikajiambia baridi ya Ulaya ndiyo imeyafupisha. Nikaing'oa mimea ile, nikaipanda bustanini, nikaikausha, nikakutumia mfuko mzima.

Donc unachokunywa tangu mwezi wa saba si dawa ya Mama. Ni magugu ya reli. Yasipewe mbuzi, yachomwe moto. Kesho asubuhi Euphrasie akupeleke hospitali wapime ini, na uwaambie kila kitu, hata jina langu. Mimi nimepimwa Jumanne, bado nangojea jibu. Ukitaka kunilaani, nilaani ukiwa mzima.

Nisalimie Euphrasie na wote wa nyumbani. Usinijibu kwa simu. Niandikie kwa mkono wako, nione kama herufi zako hazitetemeki. Na kama bado naitwa mwanao, weka ndani ya bahasha mbegu chache. Safari hii nitawangoja wale watakatifu.

Ni mimi mwanao, Docteur wa kitu gani sijui,

Ushindi