Mabega ya Kumbebea Mama

Jumapili, 6 Septemba 2009

Nimembeba Mama kanisani, mgongoni, kama kila Jumapili tangu kambi ya Kakuma. Miguu yake haifanyi kazi tangu bomu la mwaka ule tuliokimbia Bor. Miguu ni mimi. Mtu akitaka kujua mabega haya yalitoka wapi, si mazoezi. Ni Mama.

Njiani akanibonyeza bega kama anayechagua papai sokoni. Akauliza kama naumwa. Nikasema ni uchovu tu. Akasema uchovu haulainishi ngozi.

Mama huyu!

Miezi minne ya vidonge, na wa kwanza kuona ni yule nisiyeweza kumwambia.

Jumanne, 8 Septemba

Nimepita mtaa wa Hai Amarat kwa Fortunate, Mganda wa duka la dawa. Ndiye mtu pekee Juba hii anayejua kwamba vidonge vya kike si vya mke wangu. Sina mke. Hilo alilijua mapema — anasema hakuna mwanamume anayenunua dawa ya mkewe kwa furaha namna ile.

Nikalalamika. Mimi na rafiki yangu Lilly wa Nairobi, aliye kama mimi, tulianza homoni pamoja. Yeye alikuwa mwembamba kama ufagio. Sasa ana nyonga, ana mashavu, kwenye simu ni kucheka tu. Mimi bado lango la gereza. Nimeacha hata kula ili misuli iishe. Kilichoisha ni uso.

Fortunate akacheka mpaka mteja akageuka. "Wewe iko mjinga kidogo, dada."

Dada! Nikasahau kukasirika.

Akanieleza. Lilly hakuwa na misuli ya kupunguza, kwa hiyo badiliko dogo tu linaonekana. "Wewe iko na misuli ya miaka mingi. Dawa haibomoi, iko acha tu kujenga. Na kila siku wewe iko jenga tena na magunia ya sokoni Konyo Konyo." Nisiponyanyua itapungua — polepole, mwaka, pengine miwili. Na nile! Mafuta yatatoka wapi kwa mtu mwenye njaa? Mifupa ya mabega, hiyo basi. Haisikii dawa.

Kwa hiyo nipumzike, ninenepe. Mimi, mpakua magunia. Nimecheka njia nzima kurudi nyumbani, bila furaha.

Jumamosi, 3 Oktoba

Mungu ana utani.

Mjomba Arkangelo amekuja na wazee wa ukoo. Desemba kuna mieleka, uwanja wa karibu na Nyakuron, sisi wa Bor na Wamundari. Wao wana Pitia. Sisi, akasema akinipiga kifuani, tuna Maker. Alipiga panapouma tangu vidonge. Nilimeza kelele.

Na desturi ni desturi: mwanamieleka wa ukoo hafanyi kazi. Analala, anakunywa maziwa asubuhi na jioni mpaka siku ya kuingia uwanjani. Magunia, kalas, yameisha! Ukoo utalisha nyumba.

Nikakubali haraka mno. Nikasema mazoezi nitafanya peke yangu, siri za ushindi. Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima.

Kupumzika na kunenepa, kwa amri ya wazee! Fortunate mwenyewe hangeandika dawa nzuri zaidi.

Jumatatu, 2 Novemba

Kujiandikisha kupiga kura. Karani hakuuliza. Alitazama mabega, akaandika: mwanamume. Vidonge vyote vile, halafu kalamu ya karani.

Lakini maziwa yanafanya kazi. Suruali inabana nyuma. Mikono imelegea. Kifuani — hapo misuli ya zamani imenificha, ajabu ya Mungu. Vimeota viwili, vidogo, ila juu ya kifua kile kipana vinaonekana kama nguvu zaidi. Mjomba anawaonyesha wageni: tazameni anavyojaa! Ukoo mzima unashangilia nyonga zangu bila kujua.

Leo, nyumba ikiwa tupu, nililisema jina langu la kike mbele ya kioo. Atong. Kwa sauti. Halikuonekana geni.

Jumapili, 15 Novemba

Leo nimeshindwa.

Mama alipanda mgongoni kama kawaida. Hatujafika hata njiani, magoti yakakataa. Nikashika uzio. Hakuanguka, lakini aliteleza, kisigino chake kikaburuzika vumbini. Yeye hasikii kitu huko chini. Mimi nilisikia.

Wanaume wa kanisa wakamchukua kwa kiti cha plastiki. "Ya zol, bwana wee, Maker anamwekea Pitia nguvu!" Wakacheka. Nikacheka nao.

Mama hakucheka. Juu ya kile kiti alikuwa kama mgeni rasmi mkutanoni, mikono haijui pa kukaa. Miaka yote ilikaa shingoni mwangu.

Niliomba nguvu hizi ziondoke. Sikufikiria zitaondoka na yeye.

Alhamisi, 26 Novemba

Nikisema naumwa, mjomba ataleta daktari: vua shati. Nikiingia uwanjani: vua shati. Nikikimbilia Nairobi, nani atamwinua Mama kitandani?

Leo niliponyanyua ndoo ya maji kwa mikono miwili, alikuwa ananitazama.

Jumamosi, 5 Desemba

Naandika nyuma ya lori, penseli ya kuazima. Wanawake wanaimba. Pitia nimemwona. Shingo pana kuliko kichwa.

Mjomba ndiye humpaka mwanamieleka majivu, ili jasho lisimtelezeshe. Kwa mikono yake, mgongo mpaka kifua. Alikuwa ameshachovya mikono. Nikashika kifungo cha kwanza, nikakaa nacho.

Mama akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake. "Arkangelo! Wewe aliwahi kukubeba? Mimi alinibeba. Nitampaka mimi."

Wazee wakaguna: mwanamke hajawahi. Akasema basi, tafuteni mwingine wa kupigana na Pitia. Hakuna aliyejitolea.

Nikapiga magoti mbele yake, nikawapa wote mgongo, nikavua. Alianza na mabega. Mikono yake inayajua kuliko macho ya mtu yeyote. Ikashuka. Ikafika. Ikasimama.

Sikuthubutu kuinua uso.

Akachota majivu, akapaka hapo. Akachota tena. Tabaka juu ya tabaka, kama anakandika ukuta. Mjomba akauliza mbona anamaliza majivu yote. Akamjibu, huyu ana jasho jingi.

Halafu sikioni mwangu, polepole: "Ukianguka, anguka kifudifudi."

Basi. Hakuniita kwa jina lolote.

Majivu yanakauka, yanabana. Kamba ya uwanja imefunguliwa, Pitia ameshaingia, wanaimba Maker, Maker. Kutoka hapa namwona Mama. Ameomba kiti kisogezwe mbele kabisa, karibu kuliko wazee. Shati langu liko mapajani mwake. Halijakunjwa. Amelishika wazi kwa mikono miwili, kama anayengoja kumfunika mtoto akitoka majini, na — wananiita.