Jina la Mama kwenye Programu ya Mazishi

Baba Debra,

Githeri iko kwa sufuria ndogo. Nimeenda mochari na dada zangu kupeleka nguo za Mama.

Flashi iko chini ya hii karatasi. Usiichomeke kwa kompyuta ya mtu kabla ya kuisafisha, imerudi kutoka River Road na virusi. Yetu haikushtuka. Hapo nakupa haki yako: tangu utoe Windows ukaweka hiyo Linux ya bure, virusi havijatusumbua.

Lakini asubuhi nilisimama kwa duka la kuchapisha hapo River Road, watu wamepanga laini nyuma yangu, fundi akafungua kwa Windows yake kile kijitabu cha programu ya mazishi. Picha ya Mama ilikuwa imehamia ukurasa wa nyimbo. Kila herufi ya Kikuyu yenye alama juu ilikuwa kisanduku. Wamũciĩ, jina lake mwenyewe, visanduku viwili. Fundi akaniuliza, "Mama, hii kitu mliandika na nini?" Nikachukua flashi nikatoka.

~~Ukifika toa hiyo Linux.~~ Nimekata, leo hatuna huo wakati. Ihifadhi hiyo programu ya Mama kama PDF, ile ulisema haibadiliki popote, uipeleke kabla ya saa saba. Ni Jumamosi, wanafunga mapema. Tunazika Jumatatu.

Kabla nitoke nimeifungua tena hapa. Picha iko mahali pake, jina limekamilika. Nimelia hapo kwa kiti chako. Nairobi nzima, ni kwa hii meza yetu tu Mama bado ana jina.

Mama Debra