Tangi Nyuma ya Kanisa

Baba,

Tangi limefika. Jeusi, limekatwa juu, limewekwa nyuma ya kanisa lako pale ulipokuwa ukifunga mbuzi. Pasta mpya analijaza maji yaliyotiwa dawa, na hakuna tena anayebatizwa ziwani hapa Asembo. Nimeshinda! Miaka yote nilikupigia kelele kuhusu kichocho, mimi na gambuti zangu, nikichota konokono wanaoubeba ili niwapime, palepale ulipobatizia watu. Nawe ukinicheka: "Daktari wa konokono, utaingia lini majini ubatizwe?"

Nilikujibu, nitaingia maji yakiwa safi. Ukasema, "Sawa, nyathina, mwanangu. Nitangoja." Ukaningoja kweli, wololo, hadi tukakuzika.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yangu. Nimevaa nyeupe, kwaya inaimba, maji safi mpaka naona chini ya tangi. Nikashindwa kuingia. Nililia mbele ya watu, Baba. Kumbe mimi nilidhani siku hiyo ikifika utakuwepo tu.

Nikamwambia pasta nataka ziwani, kwenye lile jiwe ulilosimama ukibatiza. Akanitolea macho. "Si ni wewe ulitukataza?" Ni mimi, na watoto waendelee na tangi, sibadilishi neno. Vile vijidudu vya kichocho vipo, nimeviona kwa hadubini juzi, na maombi yangu hayatavitoa majini. Lakini nakukosa kuliko ninavyoviogopa.

Unakumbuka zile tembe za kichocho? Kila mwaka nilikuletea, kubwa, chungu, nawe uliziweka kwanza kiganjani ukaziombea. Nikakuuliza kwa nini uombee dawa ambayo itafanya kazi tu. Ukasema, "Na ugali si unashibisha tu? Mbona mezani unafumba macho?" Mpaka leo bado nafumba.

Jumapili hii naingia ziwani. Pasta amekubali, atanizamisha, nami nitajifanya ni mkono wako. Dawa haiui vijidudu vikiwa vichanga, unajua, nilikuimbia hiyo kila mwaka, kwa hivyo nitangoja wiki kadhaa ndipo nimeze tembe. Nakuahidi nitaziweka kiganjani kwanza, niziombee kwa Dholuo, kwa sauti, hata wenzangu wa maabara wakinicheka.

Lala sasa, Baba. Umeningoja vya kutosha.

Ni mimi,
Daktari wako wa konokono