Binti Yangu Amelikata Joho la Shujaa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo nimeahidi jambo ambalo mwenyewe sijui nitalitimizaje, na mke wangu amesema nisimtie kwenye mambo yangu.

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa thelathini na nne sasa katika chumba kilekile chenye dirisha la barabarani, na mtaani wananiita Mzee Sindano kwa sababu sindano huwa naichomeka kwenye ukosi wa shati, na mara nyingi naenda nayo hadi harusini nikiwa nimeisahau. Nina binti mmoja tu, anatengeneza filamu, na hilo nalisema nikiwa kifua mbele, maana katika ukoo wetu hakuna aliyewahi hata kushika kamera. Basi mwaka jana akaniambia, "Baba, natengeneza filamu ya shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida, nishonee joho," na mshauri, sijawahi kushona kitu kama kile, satini nyekundu, bitana nyeusi, mgongoni mchoro wa radi niliotarizi kwa mkono wiki tatu, upindo mzito ili likipepea lisijikunje, na kila mteja aliyeingia nilimwonyesha, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara nikamwambia aje aone shujaa akiruka juu ya maghorofa na kazi yangu mgongoni.

Siku ya kuonyeshwa filamu, ukumbi wa sinema ulijaa, mimi nikazunguka kuwatafutia watu wangu viti, na nilipokaa nikamwona shujaa mwenyewe kwenye skrini, mwanamke wa makamo, fundi nguo, anaishi kwenye jengo la ghorofa nne, na akishika nguo ya mtu anajua mwenye nguo anaficha nini. Basi, nguvu zenyewe ndizo hizo. Haruki, hapigani, adui hamna, hata kioo kimoja hakivunjiki. Akimpima mama fulani anajua amekonda kwa mawazo, gauni analipunguza kimyakimya asimwaibishe, sare za watoto anaziachia upindo mrefu kwa ndani ili zikue nao, kama afanyavyo fundi yeyote mwenye akili, na sindano anaichomeka kwenye ukosi, nikajiuliza shujaa gani huyu asiye na hata kikopo cha sindano.

Halafu wakubwa wa mji wakamletea joho langu alivae asimame nao kwenye gwaride, nikamkanyaga mke wangu kwa furaha, shujaa akapapasa mshono, akasema, "Aliyeshona hili ni fundi," kisha akachukua mkasi akalikata. Mbele ya mtaa mzima! Akalifanya bitana ya koti la mzee wa ghorofa ya tatu, aliyefiwa na mkewe akajifungia ndani, na ile nusu saa ya mwisho, ambayo kwenye filamu nyingine majengo huwa yanaanguka, huyu amekaa kwenye ngazi mbele ya mlango wa yule mzee, anashona na kujisemesha, siku baada ya siku, mpaka mlango ukafunguliwa. Mlango, mshauri! Ukafunguliwa, filamu ikaisha.

Vijana wa viti vya nyuma walikuwa wameshatoka. Kinyozi alicheka mpaka akashika mbavu, akaniuliza, "Mzee Sindano, shujaa wako ameruka ngazi ngapi?" Jirani yangu fundi viatu, ambaye mwaka ule alipofiwa na mkewe akajifungia nikahamishia cherehani yangu mlangoni kwake siku nne mpaka akatoka kunigombeza kwa sababu ya kelele za cherehani, yeye alikuwa anatokwa machozi, nikajua macho yake yameanza kumsumbua tena. Maandishi ya mwisho yakapita, nikatafuta jina langu kwenye orodha ya washonaji, halipo, mke wangu ananiambia liliandikwa mwanzoni kabisa, peke yake, wakati mimi nahangaika na viti.

Sasa mwenye ukumbi akaniita pembeni, akasema ataionyesha kila Jumamosi mwezi mzima, ila dakika kumi za mwisho shujaa avae joho apigane na mtu. Binti yangu alishamkatalia. Mimi nikamjibu, "Niachie, huyo ni mwanangu, nitazungumza naye." Nimeshashona joho la pili, na mwalimu wa karate amekubali kuja Alhamisi awe adui, na binti hana habari. Najivunia mwanangu, nataka dunia ione kazi yake na, sitakuficha, yangu pia. Nimwambieje akubali bila kuona namdharau?

Mzee Sindano

*

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikatafuta leso.

Pole kwa joho. Kazi ya wiki tatu kupigwa mkasi mbele ya kinyozi si jambo dogo, na kama ningekuwa wewe ningenuna mpaka Jumatatu. Lakini sasa niruhusu nikugombeze kidogo, kwa heshima zote.

Wewe ni mtu wa kupima watu. Mteja akiingia tu unajua bega lipi limeshuka. Umewezaje kukaa ukumbini filamu nzima, vipimo vyako mwenyewe vimewekwa mbele yako, usivitambue? Ile sindano kwenye ukosi ni ya nani? Upindo unaokua na watoto aliuona wapi mwanao, kama si chumbani kwako? Na ni nani aliyehamishia cherehani mlangoni kwa mfiwa akashona siku nne mpaka mlango ukafunguliwa? Umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, halafu ukaendelea kulalamika kuhusu viti. Fundi viatu hana ugonjwa wa macho, mzee wangu. Amejiona. Wewe hukujiona kwa sababu ulikuwa unalisubiri joho.

Filamu za mashujaa sote tumeziona. Mtu anaruka, anapiga, mji unabomoka, na hakuna anayeuliza utafagiliwa na nani. Binti yako anayajua hayo vizuri kuliko mwenye ukumbi. Hakulisahau pigano, amelitoa kwa makusudi, kwa sababu alitaka kuonyesha mtu mwenye nguvu za ajabu angefanya nini kwenye mtaa wenu siku ya kawaida ya kazi. Ukimleta mwalimu wa karate pale mwisho, ule mlango atauvunja kwa teke, na mzee wa ndani hatapata sababu yoyote ya kutoka. Hapo utakuwa umeharibu filamu, na umeiharibu mahali ulipo wewe.

Na joho alikuomba wewe kwa sababu lilipaswa kuwa zuri kweli. Joho bovu hata mimi nalikata.

Kosa lako kubwa ni kuahidi kazi ya mwenzako. Fundi mwingine angemwambia mteja wako kwamba utabadilisha mshono, wewe hujaulizwa, ungemrushia pasi. Kwa hiyo fanya hivi. Leo, si kesho, mwambie mwalimu wa karate abaki nyumbani kwake. Kisha nenda kwa mwenye ukumbi, kwa miguu yako, umwambie neno lako umelirudisha, na umwombe Jumamosi moja tu, filamu ikiwa kama ilivyo. Akikataa, ionyesheni ukutani chumbani kwako, una dirisha la barabarani, na mtaa mzima unakujua. Kinyozi akicheka, mwambie, "Shujaa yule ni mimi," umwangalie atasema nini.

Halafu mwambie binti yako yote, kabla hajayasikia kwa kinyozi. Usijitetee. Mpe joho la pili mkononi, na juu yake weka mkasi.

Na siku filamu itakapoonyeshwa tena, fika mapema. Watu wako ni watu wazima, watajitafutia viti. Wewe kaa, tulia, usome jina linaloandikwa mwanzoni.