Bustani Yangu na Maji ya Kondoo

Kijijini, chini ya mlima,
Same.
Jumapili.

Mdogo wangu Twilumba,

Kwanza mama. Mguu wake unaendeleaje na baridi ya huko Njombe? Mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, na akikuuliza barua inasemaje, mwambie inasema mimi ni mzima. Hapo hutakuwa umemdanganya. Jua la huku bado halijanimaliza, na Baba Lusungu naye yupo, kifua kinamsumbua asubuhi tu. Vumbi la mkonge halitoki mwilini hata ukiuacha mkonge. Binti yetu Lusungu yuko salama kwa mumewe. Nawe na shemeji na watoto, naamini Bwana anawatunza, maana nawataja kila siku.

Sasa kaa chini. Nina ugomvi na wewe.

Ulinijibu barua yangu kwa mistari minne, kana kwamba nilikuuliza bei ya chumvi. Labda kosa ni langu, niliandika kwa haraka na hukuelewa. Basi naanza mwanzo, uone ulichokifanya.

Unajua tulipotoka kwenye mashamba ya mkonge tulipewa nyumba hapa katika kijiji cha ujamaa, na kiwanja nyuma ya jiko. Kilikuwa kichaka cha miiba na mavi ya mbuzi. Nilikilima peke yangu. Nikapanda mchicha, mnavu, kunde za majani, bamia mstari mmoja, nyanya pembeni na maboga yapande kwenye ua. Mwaka wa pili watu walikuwa wanasimama kutazama. Huku tambarare ni kukavu, Twilumba, upepo unakausha hata mate. Kama si maji ya mfereji hupati jani.

Na maji hayo yanatoka mlimani. Wapare huko juu wana bwawa la udongo wanaloliita ndiva. Linajaa usiku, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji hadi kwetu. Kila bustani ina asubuhi yake. Yangu ni Alhamisi. Nafungua mdomo wa mfereji kwa jembe, nanywesha mpaka jua lifike juu ya kanisa, kisha naziba. Ijumaa ni ya jirani yangu, Mama Nakijwa, naye ndiye wa mwisho, mfereji unaishia ndani ya bustani yake. Baada yake ni mchanga mtupu.

Mama Nakijwa ni Mpare wa hapa hapa, ukoo wake ndio uliochimba ile ndiva tangu enzi za mababu. Ni mama wa kanisa, anaanzisha nyimbo, tunakaa benchi moja. Tulikuwa tunapeana. Mimi nampa mnavu, yeye ananipa maziwa.

Basi kaka yake akafariki huko juu mlimani. Ilikuwa Jumatano. Kijiji kizima kikapanda kwenda kuzika, mimi nikabaki kwa sababu ya kifua cha Baba Lusungu. Alhamisi nikaamka, nikaomba, nikamwombea marehemu na wafiwa, halafu nikachukua jembe nikafungua maji. Ndiyo kosa langu hilo. Kwetu mtu akifa hatulimi, unajua, lakini ni pale penye msiba. Msiba ulikuwa mlimani, mwendo wa nusu siku. Nani angeniambia kwamba kwa watu hawa mlima na tambarare ni nyumba moja kwa sababu ya maji? Wenye ndiva wakifiwa, mfereji wote unakaa kimya, juu na chini, mpaka mzee wa mfereji aufungue mwenyewe. Yale maji yaliyokuwa yamebaki humo njiani mimi niliyageuzia kwenye mchicha.

Walirudi Ijumaa jioni. Wakakuta bustani yangu imelowa na nyingine zote kavu. Mama Nakijwa akasimama uani kwangu na kitambaa cha msiba kichwani, akautazama udongo uliolowa.

"Mama Lusungu, umenywesha mboga kwa maji ya kaka yangu."

Nikamwambia, "Mama Nakijwa, nisamehe, sikujua. Pole sana kwa msiba."

"Hukujua? Hukuuliza. Ninyi manamba wa mkonge mlikuja na namba shingoni, maji mkayakuta. Hata kuuliza hamuwezi?"

Nilipiga magoti pale pale kwenye tope nikaomba radhi, mbele ya wanawake sita. Aliondoka. Wale sita wakaanza kusema Kipare ili nisisikie, lakini mtu akitajwa anajua.

Kuanzia hapo hakuna aliyegusa mboga yangu. Wakasema mchicha wa Mama Lusungu umekunywa maji ya msiba, atakayeula atazika mtu. Asubuhi yangu ikafungwa. Mzee wa mfereji akaja akaniambia kwa upole kabisa, kama daktari: nitoe kondoo, apelekwe kwenye ndiva, achinjwe, wazee waseme maneno yao kwa wale waliolala, halafu nitapewa maji yangu.

Nikamwambia, "Mzee wangu, naweza kuomba radhi kila nyumba. Naweza kupika chakula nikawalisha wafiwa siku saba. Lakini kondoo wa kuwachinjia wafu sitoi. Mimi nilishabatizwa."

"Na sisi tumebatizwa," akasema. "Kondoo ni kondoo."

Nikaenda kwa mwinjilisti wetu. Nilidhani huyo atasimama upande wangu. Alikuwa anatengeneza baiskeli, hakuinua kichwa. "Usipigane na maji ya watu, mama." Basi. Mtu huyo Jumapili iliyotangulia alituhubiria saa nzima habari ya miungu mingine.

Nikaamua kubeba. Kisima kiko karibu na reli. Madebe mawili asubuhi, madebe mawili jioni, na maji ya kuoshea vyombo, na ya kuoshea miguu ya Baba Lusungu, yote bustanini. Kunde zikafa, bamia zikabaki fimbo, lakini mchicha na mnavu nikavishika. Balozi wetu wa nyumba kumi akaanza kusema kwenye mikutano kwamba kuna watu wanajitenga, wana vijishamba vyao, siasa haijawaingia. Watu wakacheka wakinitazama. Watoto wakanipa jina, Mama Debe.

Hayo nilikuandikia. Lililotokea baadaye hulijui.

Kwenye shamba la pamoja tunapika kwa zamu, wanawake wawili wawili. Zamu yangu ikafika, mwenzangu hakutokea, akasema ana mgeni. Nikapika peke yangu chakula cha watu arobaini. Na nikasema, leo watakula mboga yangu, wataona kama kuna atakayekufa. Nilichuma tangu alfajiri. Mchicha nikauosha maji matatu, maana upepo wa huku unatia mchanga hata ndani ya jani. Mnavu nikauchemsha, nikamwaga maji ya kwanza ya uchungu. Nikatwanga karanga zetu wenyewe mpaka zikatoa mafuta, nikakaanga kitunguu na nyanya, nikachanganya, nikakoroga taratibu zisishike chini, chumvi nikatia mwisho. Sijisifu, lakini ile sufuria ilinukia mpaka kwenye matuta ya mbali. Niliwaona wanainua vichwa.

Wakapanga mstari na sahani. Nikampa wa kwanza ugali, nikainua upawa wa mboga, akasogeza sahani pembeni. Wa pili hivyo hivyo. Balozi akashika tumbo, "Leo tumbo langu halitaki majani." Mama Nakijwa alipofika hakunitazama, aliwageukia watu.

"Chumvi ipo? Chumvi inatosha."

Wakala ugali na chumvi, watu arobaini, na njaa ya kulima tangu asubuhi, huku sufuria inafuka moshi. Nami nimesimama na upawa. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Baba Lusungu. Nikasema moyoni, huyu atakula, na akila mmoja yatakwisha. Alinitazama. Akawatazama wenzake. Akasema kwa sauti ndogo, "Weka ugali tu, mama."

Sufuria niliirudisha kichwani. Nilikula peke yangu siku mbili, mpaka ikachacha.

Twilumba, namchukia yule mwanamke. Nimeandika neno hilo na sitalifuta. Nimeomba liondoke, nimefunga siku tatu, haliondoki. Akianzisha wimbo kanisani mimi nafunga mdomo.

Sasa lako. Alhamisi moja, wiki ya tatu baada ya hiyo sufuria, natoka nje na debe langu, nakuta maji yanatiririka bustanini. Mama Nakijwa ameshika jembe, ananifungulia kwa mkono wake, anacheka.

"Haya, jirani, yamekwisha. Kondoo wako alikuwa mnono."

"Kondoo wangu yupi?"

"Si aliyempeleka Baba Lusungu kwa jina lako? Wazee wamekutaja vizuri sana."

Nilimkuta Baba Lusungu amekaa kitandani ananingoja. Kondoo alimpata kwa Mmasai, kwa lile koti lake zito la kazini. Hakukana. "Nimechoka kula huku natazamwa," akasema. Halafu akatoa barua yako mfukoni, ile ya mistari minne. Akanisomea, na kusoma kwake unakujua, kidole kwenye kila neno: Dada, kondoo ni nyama tu, mtoeni yaishe. "Hata mdogo wako, mtoto wa mzee wa kanisa, ameona hivyo. Mimi ni nani?"

Basi ndivyo ulivyofanya. Jina langu lilisemwa pale juu kwa wafu, na wewe ndiye uliyempa nguvu ya kulipeleka. Sikupigana naye. Nilitoka nikachukua jembe, nikaziba mdomo wa mfereji wangu kwa udongo na mawe, nikapiga kwa kisigino ukakazana. Maji yakapita, yakaingia kwa Mama Nakijwa. Mimi nikaenda kisimani na debe.

Alhamisi iliyofuata hivyo hivyo. Na ya tatu. Nilijua sheria yao sasa, nilikuwa nimejifunza kwa shida: maji ya asubuhi ya mtu yakiingia bustani ya mwingine, yule mwingine amekula maji ya mwenzake, naye anatoa kondoo. Mwanzoni, nakuapia, niliziba kwa ajili ya imani. Sikutaka maji yaliyonunuliwa kwa damu ile. Lakini Alhamisi ya pili niliona nyanya zake zimesimama kwenye dimbwi, na watu wanapita wanachungulia, na nikafurahi. Nilifurahi kama mtu aliyekula nyama.

Alhamisi ya tatu Mama Nakijwa alikuja, miguu ina tope mpaka magotini.

"Mama Lusungu, fungua maji yako."

"Siyataki."

"Fungua, watasema naiba."

"Waseme. Mimi walisema mboga yangu inazikisha watu."

"Mimi nilifiwa, mama. Wewe umefiwa na nani?"

Niliinua debe nikapita.

Jana Jumamosi mzee wa mfereji alituita wote kwenye ukingo wa mfereji. Alikuwapo balozi, alikuwapo mwinjilisti na baiskeli yake. Mama Nakijwa alisimama katikati, akasema maji yamemfuata, hakuyaita. Mzee akanigeukia mimi. Swali lilikuwa moja tu.

"Mama Lusungu, ulimpa maji yako au hukumpa?"

Neno moja. Nikisema nilimpa, Mama Nakijwa anakwenda nyumbani bila kutoa kondoo. Akanitazama usoni. Macho yake yalikuwa yanaomba, Twilumba, siwezi kukuficha. Baba Lusungu akanigusa kiwiko.

Nikasema, "Sikumpa."

Na kweli sikumpa. Niliziba pangu tu. Ndivyo nilivyokuwa najiambia njiani kurudi nyumbani, na usiku kucha, na haijanisaidia. Kondoo wa Mama Nakijwa alichinjwa jana hiyo hiyo, kabla ya jua kuzama. Baba Lusungu hajanisemesha tangu jana. Sasa hivi wenzangu wako kanisani, leo ni Meza ya Bwana, nasikia nyimbo zao kutoka hapa jikoni. Anayeanzisha ni mwingine. Sikwenda. Ningenyoosha mkono gani?

Msalimie mjomba aliyetufundisha kupanda njegere, mwambie huku hazioti, nimejaribu mara mbili. Msalimie wifi, mke wa kaka yetu, na mapacha wake. Msalimie shangazi wa kanisani na umwombe aniombee bila kumwambia ni kwa nini. Mama usimsomee zaidi ya ukurasa wa kwanza. Nawe nimekusamehe, au nitakusamehe, maana naona sasa sina mahali pa kusimama nikukasirikie.

Mchicha ni mzuri. Nimechuma asubuhi hii, uko kwenye ungo hapa karibu yangu. Alhamisi nitafungua maji. Kondoo wa jana ni mimi niliyemchinjisha, sina tena sababu ya kuyakataa.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Mama Lusungu.