Gemu Hazikumuua Kiprono

Mama yangu mpendwa,

Goti lako linaendeleaje? Huku kwa majani chai, baridi haijaisha, na kila asubuhi nikijifunga leso nakufikiria ukilikanda kwa maji moto. Na yule ng'ombe mwekundu, alizaa salama? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Mengine si mazima, ndiyo maana nimeona simu haitoshi.

Ulinipigia ukilia, kwamba umesikia redioni kijana wa huku Bomet amefundishwa ukatili na gemu za video, akamrukia babake, akapigwa risasi. Ukasema ulinikataza hiyo biashara ya shetani. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimesimama kwa majivu ya kibanda changu cha gemu. Sasa nakujibu.

Kijana huyo aliitwa Kiprono. Alikuwa akichuma chai mpaka shamba kubwa likaleta mashine za kuchuma, akabaki bila kazi kama vijana wengi wa upande huu wa Merigi. Mchana alikuwa anakuja kwangu kucheza mpira kwa runinga. Mpira tu. Wenzake wakiweka gemu ya vita, anatoka nje. Siku moja nilimuuliza mbona anakimbia bunduki za picha. Akaniambia, "Nyumbani iko ya ukweli."

Nilijua. Soko lote lilijua. Babake ni mzee wa kanisa, alistaafu kazi ya ulinzi Nairobi, na ana bastola ya leseni. Alikuwa anaiweka mezani pale hotelini, kando ya kikombe cha chai, halafu anaita jirani waongee mambo ya mpaka wa shamba. Jirani alikuwa anakubali kabla chai haijapoa. Mkewe, Mama Kiprono, alikuwa anakuja kununua sukari akiwa amefunga kitambaa mpaka karibu na macho, na sisi tunamuuliza kama mvua imenyesha kwake.

Yale yaliyotokea jikoni kwao niliambiwa na aliyeyaona. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Chakula kilichelewa, mzee akaanza kumpiga mkewe kwa kitako cha bastola. Kiprono akaingia, akamshika babake mkono, akasema, "Baba, imetosha." Akapigwa risasi ya kifua, akaanguka kwa mafiga. Mzee alibadilisha shati kwanza, ndipo akaita majirani.

Walipofika aliwaambia mtoto amemrukia kama wale watu wa gemu. Neno hilo lilifika sokoni kabla ya maiti kufika mochari. Polisi walichukua bastola kwa uchunguzi, na baada ya mazishi wakamrudishia. Walisema alijitetea, na leseni haina kasoro.

Kisha kukaitwa baraza. Mhubiri akasema gemu zinaingiza pepo wa kuua. Mwalimu mmoja akauliza kwa upole kama ile bastola nayo ilikuwa inacheza gemu, akaambiwa aketi. Wakamwita Mama Kiprono mbele. Mumewe alisimama nyuma yake, karibu sana.

"Mtoto wangu aliharibiwa pale kwa huyo mwanamke mgeni," akasema.

Watu wote wakanigeukia. Walitoka hapo hadi kibandani kwangu, wakavunja runinga zangu kwa mawe, wakamwaga mafuta ya taa, wakawasha. Jiwe la kwanza lilirushwa na Mama Kiprono mwenyewe. Vijana waliokuwa wakicheza kwangu walimpigia makofi.

Nilienda kuandikisha taarifa. Askari akaniuliza kama nilikuwa jikoni risasi ilipolia. Nikasema hapana. Akarudi kwa simu yake.

Baadaye nilimkuta Mama Kiprono peke yake kwa shamba lao, akichuma chai. Aliangalia huku na huku, akanieleza yote bila chozi, mikono ikiendelea kuchuma. Nikamuuliza mbona alinichomea kibanda na anajua ukweli.

"Wewe uko na kwenu," akasema. "Mimi jioni narudi kwake."

Akaniomba nisimsalimie tena barabarani.

Bado niko hapa, nauza nyanya. Yule mzee alikuja jana, akachagua zile ngumu, akaniuliza kama nimeokoka.

Sasa Mama, nisamehe, nataka niongee ya kwetu. Kaka Kamau amenieleza kwamba tangu wezi waingie kwa jirani anatafuta leseni ya bunduki, na kwamba wewe utaenda naye kwa chifu kumshuhudia kuwa ana tabia njema. Mama, wewe unaujua mkono wa Kamau. Mkewe amekimbilia kwako akitoka damu, na kila mara umemkanda, ukampa uji, ukamrudisha. Kwa Kamau hakuna gemu. Hakuna hata runinga. Usimshuhudie. Ukimshuhudia, siku ya matanga usiniite nije nisikie watu wakitafuta shetani.

Nisalimie mdogo wangu anayeshona sare za shule, na shangazi wa kwaya, umwambie kikohozi chake nakiombea. Baba mdogo anayekukamulia ng'ombe mpe pole ya mgongo. Mke wa Kamau umsalimie akiwa peke yake. Mwambie nyumba yangu ni ya chumba kimoja, lakini mlango unafungwa kwa ndani, na nimeshamtandikia.

Ni mimi binti yako anayekuheshimu,
Mugure